Kopo Tupu la Koti Mbili

Mama Keshi hakuonewa kupewa jina hilo. Alilitafuta mwenyewe. Dunia nzima siku hizi inalipana kwa simu, mpaka msukuma mkokoteni ana namba yake kaiandika ubavuni, lakini yeye ukimwambia, "Mama, nikutumie kodi kwa simu?" anakugeuzia uso kana kwamba umemtukania marehemu mumewe. Kodi ni noti. Inatoka mkononi mwako inaingia mkononi mwake, mchana kweupe, pale kizingitini anapokaa, basi, mmemalizana. Risiti hakuna. Ukitaka risiti kapange kwa serikali.

Uani alikuwa na vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule. Ndani kwake, juu ya kabati, palikuwa na makopo sita ya maziwa ya unga, yamepangwa vilevile kama vyumba vilivyopangwa. Kodi ya chumba cha kwanza inaingia kopo la kwanza, ya chumba cha sita inaingia kopo la sita. Mwisho wa mwezi Mama Keshi anapitisha mkono kopo baada ya kopo, na akikuta lililo tupu, mwenye chumba hicho siku hiyo atamjua yeye ni nani. Utaratibu huo waliuanzisha na mumewe walipomaliza kuezeka chumba cha mwisho, na miaka yote hiyo haukuwahi kumwangusha.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Keshi hakumwambia mtu. Macho yalikuwa yanamwisha. Si kwamba aliona giza tupu, hapana. Akikitazama kitu, katikati panakuwa na ukungu mzito, na pembeni mwanga tu wa kubahatisha. Mtu akisimama mbele yake anamwona kama nguo iliyoanikwa kambani. Noti alizijua kwa kuzipapasa, na wapangaji aliwajua kwa mwendo na harufu. Mama Pacha wa chumba cha pili, aliyekuwa akifulia watu nguo, alikuwa sabuni na kandambili za kuburuza. Slesi wa chumba cha tatu, mwoka mikate mwembamba kiasi cha kupita katikati ya vyuma vya dirisha, alitanguliwa na harufu ya mkate wa moto kabla hajafika. Koti Mbili wa chumba cha nne alikuwa fundi rangi. Jina lake lilitokana na ubishi wake, maana hata ukuta wa choo atakuapia kuwa bila koti mbili, yaani kupakwa rangi mara mbili, umetupa pesa. Huyo alinuka tapentaini hata akitoka kuoga.

"Atanidanganya nani mimi?" Mama Keshi alikuwa akijisemea. Jamani, kujidanganya nako ni kipaji.

Aliyekuwa akimficha hasa ni mwanawe wa pekee. Alikuwa mhasibu wa ofisi ya maji, na uani walimwita hivyohivyo, Mhasibu, kwa heshima kidogo na kwa kejeli kidogo. Siku mama yake alipojimwagia chai ya moto mguuni, Mhasibu alikuja mbio, akamfunga bandeji, kisha akasema neno ambalo halikumtoka tena Mama Keshi kichwani.

"Mama, siku nitakayojua huoni vizuri, siku hiyohiyo unahamia kwangu. Vyumba nampa dalali avisimamie."

Alilisema kwa mapenzi, tusimwonee. Ila Mama Keshi alishawahi kulala kwa mwanawe karibu wiki nzima. Chumba kizuri, zulia, televisheni inajiongelesha kutwa, na mkwe anakuja kila saa kumwuliza "Mama umekula?" kwa sauti ile ya kuuliza mgonjwa. Hakuna wa kugombana naye. Hakuna wa kumwambia hamjambo humu. Aliporudi nyumbani na kusikia Mama Pacha akigombea kamba ya nguo, machozi yalimtoka kwa raha. Nyumba ile alikuwa ameibeba matofali yake kichwani, na akili yake ilishaamua kuwa atatoka humo siku atakayobebwa maiti, miguu mbele. Basi akajikaza. Akipitiwa na kikombe anasema ni haraka, akimsalimia mtu siye anasema ni utani.

Jumamosi moja jioni Koti Mbili akaja kizingitini na kuchuchumaa.

"Mama, nimepata kazi. Kampuni inajenga nyumba za wafanyakazi, huko mbali, nyumba nyingi kweli, kupaka ndani na nje. Msimamizi anataka niripoti kesho jioni. Kesho asubuhi nahama."

"Hongera, baba. Umehangaika sana. Na kodi ya mwezi huu unaokwisha?"

"Kodi si nilishakulipa, Mama?"

Mama Keshi akanyanyuka, akaingia ndani, akapapasa kopo la nne. Tupu. Akalipindua, akaligonga chini. Kitu hakuna.

Hapo moyo ukamgeuka kuwa jiwe, na mwenye nyumba yeyote atamwelewa. Mpangaji anayekaa bila kulipa si wa kuogopwa sana, kwa kuwa unajua anapolala. Wa kuogopwa ni anayehama. Anayehama ana ulimi wa asali. Mama Keshi alishawahi kuhamwa na mmoja aliyepitisha godoro dirishani yeye akiwa msibani. Mwingine alimwachia sanduku zito lenye kufuli kama rehani, "nalifuata wiki ijayo, Mama, mna vitu vyangu vya thamani." Lilipofunguliwa mlikuwa na mawe ya kujengea. Na alikuwa ameyafunga kwenye shuka za Mama Keshi, kidudumtu yule.

"Kopo lako tupu," akasema aliporudi.

"Mama, nilikupa mkononi. Asubuhi. Ulikuwa umekaa hapahapa unachambua mchele. Ukanirudishia na chenji."

Mchele aliukumbuka. Chenji aliikumbuka. Lakini aliyempa chenji asubuhi ile alikuwa Slesi. Alikumbuka hata harufu ya mkate ilivyomtia njaa.

"Hukunipa wewe."

"Mama, unaapa?"

"Naapa," akasema, na neno likishatoka limetoka. Koti Mbili akanyanyuka pale chini, akaondoka bila kuaga. Mama Keshi akabonyeza kitufe cha kwanza cha simu yake, kile alichowekewa kwa ajili ya mwanawe. "Njoo kesho mapema," akamwambia. "Kuna mtu anataka kula kona na kodi yangu."

Mhasibu alifika Jumapili asubuhi na kufuli jipya, bado limo kwenye karatasi yake. Pikapu ya kampuni ilikuwa imeshafika kumchukua fundi, dereva anakula karanga na mguu nje ya mlango. Koti Mbili alikuwa ametoa ndoo mbili tu na ngazi. Godoro, nguo, brashi, rola, vyote vilikuwa bado ndani. Mhasibu hakusalimia. Alivuta mlango wa chumba cha nne, akatia kufuli, akalibonyeza likalia ka!

"Kodi kwanza," akasema. "Vitu baadaye."

"Kaka, nililipa."

"Nani shahidi yako?"

"Mama ndiye shahidi wangu. Nilimpa yeye."

"Mama anasema hukumpa. Sasa kati yako na mama yangu nimwamini nani?"

Swali gani hilo la kumwuliza mtu? Koti Mbili akageuza ndoo, akaikalia. Mama Pacha aliacha kufua, akajifanya anatafuta kibanio cha nguo, akakitafuta hapohapo palipokuwa na maneno. Mama Keshi alikuwa amekaa kizingitini, uso ameuelekeza zinakotoka sauti, na moyoni alikuwa na raha kidogo. Tuseme ukweli, alikuwa nayo. Alisema kimoyomoyo: aibike, na wengine waliobaki wajifunze.

Ndipo Slesi akaingia, anatoka zamu ya usiku, unga mpaka kwenye nyusi. Mama Pacha akamnong'oneza mkasa wote. Slesi akasimama kidogo, akakuna shingo, halafu akamwendea Mama Keshi.

"Mama, naomba tuongee ndani."

Waliingia. Slesi akamshika mkono, akamwekea noti kiganjani, akamfunga vidole.

"Hii ni kodi yangu ya mwezi huu. Nisamehe, Mama. Nilituma pesa nyumbani, tulikuwa na msiba wa baba mdogo, na wewe hukunidai. Nikasema labda umesikia, umenihurumia. Nikajinyamazia. Leo nakuta mwenzangu anaitwa mwizi, roho ikanisuta."

"Wewe ulishalipa," Mama Keshi akasema.

"Si mimi, Mama."

"Asubuhi ile nachambua mchele. Ulikuja unanukia mkate, nikakupa chenji, nikatia kopo la tatu. Unanitania?"

"Atakuwa Koti Mbili. Si unakumbuka rangi ilivyokuwa haina kazi? Nilimtafutia kibarua kwetu, akakanda unga na mimi siku nyingi tu. Tulikuwa tunatoka pamoja alfajiri, tumepauka kama mizimu."

"Koti Mbili angesema neno, sauti yake ningeijua!"

"Siku zile alikuwa na jino, Mama. Shavu limemtoka hivi. Alikuwa anaongea kwa kichwa tu."

Mama Keshi akatafuta kitanda kwa mkono, akakaa. Masikio yalikuwa yanamwaka. Mtu alimjia na kodi yake halali, shavu limevimba, amekesha anakanda unga ili asikose kuilipa, akaipokea, akampa na chenji, kisha akamwapia kuwa hakumpa. Na kiapo kile kilikuwa nje, kimeshikwa na mwanawe, kinatumika.

Kusema alitakiwa aseme. Lakini asemeje? Akisema "nilimchanganya na Slesi", swali la kwanza la Mhasibu litakuwa alimchanganyaje. Slesi mwembamba huyu, na Koti Mbili pande la mtu, kichwa kipara? Jibu ni moja, na jibu hilo ndilo linalomtoa humu ndani.

Akafikiri haraka, na wenye kuogopa hufikiri haraka lakini vibaya. Noti anazo mkononi. Kodi ni ileile. Kwa nini asizitie kopo la nne, aseme zimeonekana? Fundi anaenda zake, mwana anarudi kwake, yeye anabaki na nyumba yake, na nani kaumia hapo?

"Slesi, mwanangu, nyamaza kidogo. Nitalimaliza mimi."

Akatoka na kopo mkononi. "Jamani, imeonekana! Kodi ya fundi imeonekana! Ilidondokea nyuma ya kabati. Uzee huu, nisameheni. Mfungulie, aende salama."

Koti Mbili akanyanyuka kwenye ndoo. "Alhamdulillahi," akasema Mama Pacha, "si nilijua mimi!" Alikuwa hajui lolote. Lakini Mhasibu alilichukua kopo, akatoa noti, na mtu aliyekula mshahara maisha yake yote kwa kukagua, kazi haimtoki hata siku ya mapumziko. Akazigeuza. Akazinusa. Akaingia ndani, wakamsikia akivuta kabati, akatoka anapangusa mikono.

"Mama, nyuma ya kabati lile kuna vumbi la tangu nikiwa shule. Noti hizi hazina hata chembe, na zina joto la mfukoni. Hazikuwa nyuma ya kabati. Zimewekwa sasa hivi." Akamgeukia Koti Mbili. "Dirisha la mama liko wazi. Umeona kufuli, ukazitupia ndani. Kumbe pesa ulikuwa nayo muda wote! Ulitaka tu kumdhulumu mwanamke mzee."

"Mimi nimekaa hapa kwenye ndoo tangu ulipokuja!"

"Dereva," akasema Mhasibu, "nipe namba ya huyo msimamizi wenu."

Slesi, aliyesimama kando ya Mama Keshi, akaanza kusema. Mama Keshi akamkanyaga mguu. Akamkanyaga, jamani, yule mtoto wa watu aliyekuja na ukweli wake mkononi.

Mhasibu akapiga simu palepale, sauti ile ya ofisini. Akajitambulisha, akaeleza. "Nakuonya tu kama muungwana. Mtu anayehamia kwenu tumemkamata na kodi ya watu. Sijui huko mtampa funguo za nyumba ngapi." Akasikiliza, akaitikia, akakata. "Anasema gari lirudi tupu. Mafundi rangi wako wengi."

Dereva akakunja karatasi ya karanga, akaingiza mguu ndani, akawasha gari.

Koti Mbili hakupiga kelele. Laiti angepiga, ingekuwa nafuu kwa Mama Keshi, wangegombana, angepata pa kushikilia. Alikuja mpaka kizingitini, akasimama mbele yake. Mama Keshi akaona kivuli kirefu, akasikia tapentaini.

"Mama," akasema. "Sema."

Basi, neno hilo tu.  Mama Keshi akaifikiria televisheni ile inayojiongelesha, na zulia, na "Mama umekula?" Akafikiria kukaa kimya. Ni rahisi kweli kukaa kimya. Gari linaondoka, mtu anabeba ndoo zake, kesho watu wana mambo yao. Na huyu fundi angetembea na jina la mwizi mji mpaka mji, jina ambalo yeye ndiye aliyempa.

"Zima gari!" akapaza sauti. "Wewe dereva, zima hilo gari lako!"

Dereva akazima.

"Alinilipa," Mama Keshi akasema. "Alinilipa mkononi, asubuhi, na chenji nikampa. Nikaitia kopo la Slesi. Noti hizo hapo ni za Slesi, kanipa sasa hivi ndani. Za nyuma ya kabati nimetunga mimi. Fundi hana kosa hata dogo."

 Mhasibu akasogea karibu.

"Ulimdhania Slesi? Huyu na huyu?"

"Alikuwa anatoka tanurini. Alinukia mkate."

"Alinukia? Mama, mtu amesimama mbele yako na pesa, wewe unamnusa?"

 Mama Pacha alicheka kidogo, kisha akakitia kicheko mfukoni.

"Mama," Mhasibu akasema, na sauti ya ofisini ilikuwa imemwishia. "Leo nimevaa shati la rangi gani?"

Hapo mama akili ikamkimbia huku na huku. Mwanawe ni mtu wa mashati meupe. Tangu aajiriwe ni meupe tu, na yeye ndiye aliyekuwa akimfulia kabla hajaoa. "Jeupe," akasema, na kidevu akakiinua.

 Kisha Koti Mbili, aliye mbele yake, mtu ambaye riziki yake ni rangi, anayeweza kukutajia nyeupe za aina mpaka uchoke, akasema kwa sauti kavu:

"Jeupe, ndiyo."

"Jeupe pee," akadakia Mama Pacha. "Linatuumiza macho."

"Jeupe," akasema Slesi.

Na hata dereva, asiyemjua yeyote pale, akatoa kichwa dirishani. "Jeupe, mkubwa."

Mhasibu akawatazama mmoja mmoja, amesimama katikati ya uani na shati lake jekundu, jekundu la kusimamisha magari.

Mama Keshi alilisikia jibu lao, na alikuwa ameishi na watu hao vya kutosha. Wapangaji wake hawajawahi kukubaliana jambo. Zamu ya kufagia choo hawakubaliani. Nani aliacha bomba wazi hawakubaliani. Leo wamekubaliana wote, haraka, kwa upole, mpaka na mtu wa kupita. Akajua.

"Msinidanganyie," akasema. "Msijitie dhambini kwa ajili yangu, yangu yananitosha." Akamgeukia mwanawe, au pale alipodhani yupo. "Si jeupe. Sijui ni la rangi gani. Sioni, mwanangu. Uso wako sijauona siku nyingi."

Mhasibu akalitazama shati lake.  Halafu akauliza, si mama yake, akawauliza wale wengine:

"Mlijua?"

Slesi akatazama chini. Mama Pacha ndiye aliyejibu, maana hajawahi kuachia swali lipite.

"Nani asiyejua, kaka? Si ndio maana ndoo zetu tunaweka upande mmoja, njia yake ibaki wazi? Si ndio maana mtu akiingia anajikohoza kwanza? Mwenyewe hapendi kusemwa, basi tukamwachia heshima yake."

"Na kodi mnamlipa."

"Tungempa makaratasi ya sukari angepokea," Mama Pacha akasema. "Hakuna aliyempa."

Maneno hayo yalimpiga Mama Keshi mahali asipopatarajia. Miaka hii yote alikaa kizingitini akiwavizia, anawahesabu wezi, kumbe ndio waliokuwa wakimtolea ndoo njiani. Na mmoja wao, yeye mwenyewe alimwapia uongo uso kwa uso.

"Mimi tu ndiye sikujua," Mhasibu akasema taratibu.

"Wewe ungenihamisha," mama yake akamwambia. "Ulishasema. Kwa hiyo nilikuficha wewe."

Hakuna aliyemsaidia Mhasibu hapo. Alitoa simu, akampigia tena msimamizi, na safari hii alisimama wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Ndugu, nilikosea. Mtu wenu alilipa kodi yake yote. Kosa lilikuwa la kwetu, la familia yangu, si lake. Nimemsingizia. Naomba usimwadhibu kwa kosa langu." Akasikiliza kitambo. "Asante. Ndiyo, leo jioni. Asante sana." Akatoa ufunguo mdogo, akaenda kulifungua kufuli mwenyewe, na baada ya hapo akabeba godoro la Koti Mbili begani mpaka kwenye pikapu, vumbi la rangi likimshika shingoni. Slesi akabeba nguo. Dereva akafunga ngazi kwa kamba.

Koti Mbili akarudi kizingitini kuaga.

"Mama, umenitia aibu," akasema. "Usiku sikulala. Nilikuwa najiuliza nilikukosea nini."

"Hukunikosea kitu, baba. Mimi ndiye niliyekukosea, na kuapa nikaapa. Sina cha kukupa isipokuwa kukuomba radhi, na radhi yenyewe nakuomba mbele za watu hawahawa."

 Fundi alikuwa ameumia na hakujifanya hajaumia. "Nimekusamehe," akasema mwishowe. "Ila imeniuma." Akamshika mikono yote miwili, akaondoka.

Mhasibu akaja akakaa kizingitini kando ya mama yake, mahali ambapo hajakaa tangu alipokuwa mdogo. Alikuwa anahema kwa lile godoro.

"Leo utakuja kwangu, Mama," akasema. "Kesho nakupeleka kwa daktari wa macho. Siwezi kukuacha hapa peke yako na nikalala."

"Najua."

"Hubishi?"

"Nibishe nini? Nilijua ninachosema wakati nakisema." Akafungua fundo la kanga, akatoa funguo, akamwekea mapajani. "Dalali usimlete. Wakilipa, wakulipe wewe. Na ukija, teremka kwenye gari, ukae nao."

Mhasibu akazishika funguo, asijue pa kuziweka.

Pikapu ikawashwa. Mama Keshi akanyanyuka haraka, akashika nguzo ya mlango, akainua mkono na kupunga kwa nguvu kuelekea lango alilolizoea. Lakini gari lilikuwa limerudi kinyumenyume kugeuza upande wa pili, kule kwenye kamba za nguo, na Koti Mbili alikuwa amekaa nyuma juu ya godoro, anamtazama akiaga lango tupu.

Mhasibu akasimama nyuma ya mama yake, akamshika mabega, akamgeuza polepole.

"Kule, Mama. Yuko kule."

Mama Keshi akapunga kule.